Wenye mteremko wa Kibumba

Kibumba, mashariki mwa Kongo, imekaa kwenye mgongo unaogawa maji ya Afrika. Mvua inayoangukia kusini mwa mgongo huo huzama katika mawe ya volkeno, hutokea Ziwa Kivu, hufuata mto Ruzizi hadi Tanganyika, huingia mto Kongo na kuishia Bahari ya Atlantiki. Inayoangukia kaskazini hushika njia ya mto Rutshuru hadi Ziwa Edward, na kutoka hapo ni safari ya Nile mpaka Mediterania. Zamani mgongo huu haukuwepo. Maji ya Kivu yalikuwa yakielekea kaskazini, kisha volkeno za Virunga zikainuka na kuziba bonde. Ziwa likajaa hadi likapata mlango mwingine kusini, pale Bukavu ilipo leo.

Barabara ya Taifa namba 2 inaupanda mgongo huo kutoka Goma na kuushukia upande wa Rutshuru, kilomita kama 70 kwa jumla. Abiria wa lori huupita amelala. Mwendesha baiskeli anaujua kwa mapaja yake. Ziwa liko mita 1,460 juu ya bahari. Ukifika kituo cha walinzi cha Kibati, walikokuwa wakianzia wapandaji wa mlima Nyiragongo, umekaribia mita 1,900. Baada ya Kibumba ardhi inaanza kukurudishia ulichoilipa, na inakurudishia kwa ukarimu, kwa kuwa Rutshuru iko chini kuliko Goma yenyewe. Anayependa barabara za vilima na misitu, zile zinazopanda na kushuka kati ya miti na mashamba, sioni pa kumpeleka kabla ya hapa.

Najua msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akisikia Goma husikia kwanza vita na mlima wa moto. Vyote viwili vipo, na nitavifikia. Nianze na barabara.

Mjini inatoka kati ya vumbi jeusi na honi za pikipiki. Upande mmoja kuna uwanja wa ndege, ambao sehemu ya njia yake ya kurukia ilifunikwa na lava tarehe 17 Januari 2002, siku Nyiragongo ilipopasuka na mto wa moto ukakata katikati ya mji hadi ziwani. Ukifika Munigi nyumba zinaanza kupungua na mpando unaanza kujionyesha. Si mpando mkali. Ni ule wa taratibu unaomdanganya mtu ashike gia nzito, na baada ya saa nzima bado unapanda. Kanyaruchinya, kisha Kibati, mikaratusi ikisimama kwa safu. Upande wa kushoto Nyiragongo, mita 3,470, kichwa chake kikiwa na moshi asubuhi nyingi. Upande wa kulia, mawingu yakikubali, Mikeno yenye mita 4,437, na Karisimbi nyuma yake yenye 4,507. Kila ukuta wa shamba ni wa makoro, yale mawe ya lava meusi yenye matundu ambayo huku ndiyo matofali, ua, msingi wa nyumba na kiti cha kupumzikia.

Kibumba kwenyewe ni baridi. Wanawake hulima wakiwa wamejifunga vitenge viwili. Udongo ni wa volkeno na unatoa bila kusitasita: viazi, kabeji, karoti, vitunguu, na mboga zile za majani marefu meupe chini ambazo mama wa sokoni Goma huziuza kwa mafungu. Kilomita kama 25 za mteremko zinautenganisha udongo huu na mji wenye watu zaidi ya milioni moja wanaohitaji kula. Bidhaa iko juu, mnunuzi yuko chini, na mafuta ya gari ni ghali. Hapo ndipo chukudu ilipozaliwa.

Asiyeiona huidhania mchezo wa watoto. Ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, urefu wake karibu mita mbili, hakina pedali wala mnyororo wala kiti. Fremu ni ya mkaratusi au mti mgumu zaidi. Magurudumu ni ya mbao pia, yamevikwa ukanda uliokatwa kwenye tairi kuukuu na kupigiliwa misumari, na katikati yake kuna beringi za chuma zilizotolewa kwenye magari yaliyokufa. Usukani unatanuka pande mbili kama pembe za ng'ombe wa vilima vya Masisi. Mwendeshaji hupiga goti moja juu ya ubao, goti likikalia kipande cha ndala au mpira, na kwa mguu wa pili hujisukuma. Breki ni kipande cha mpira kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma: anakikanyaga kwa kisigino, mpira unabana gurudumu, mwendo unapungua. Chukudu iliyojengwa vizuri hubeba mamia ya kilo na hudumu miaka miwili au mitatu kabla ya mbao kuchoka. Masimulizi ya mji huuweka mwanzo wake katika miaka ya 1970. Hakuna kiwanda. Fundi ana panga, patasi, nyundo na jicho.

Fikiria kazi ya ile breki. Mzigo wa kilo 300 ukishuka mita 400 kwenda chini huachia nguvu ambayo, ikigeuzwa kuwa joto, ingechemsha lita tatu za maji ya baridi. Sehemu yake huishia katika upepo na katika msuguano wa magurudumu. Inayobaki yote huangukia kipande cha mpira na kisigino cha kijana mmoja. Ndiyo maana watu wa chukudu hawashuki ovyo. Kuna elimu hapo. Magunia mazito hukaa chini na mbele ya goti, ili usukani usinyanyuke. Breki hukanyagwa kabla ya kona; kwenye kona chombo huachwa kizunguke chenyewe, mwili ukiinama kwa ndani. Lami iliyochubuka husomwa kutoka mbali, maana shimo ambalo gari hulivuka kwa mtikisiko, chukudu hulivuka kwa kuvunjika. Mvua ikinyesha, mpira uliolowa haushiki, na mtu mwenye akili huteremka akasukuma. Wengine huongeza kamba, wakamwachia mwenzao aishike nyuma wakati wa kushuka.

Mtu yeyote aliyefundishwa mbio za baiskeli atakuambia hayo hayo kwa maneno mengine: funga breki kabla ya kona, tazama unakotaka kwenda, weka uzito chini. Tofauti ni kwamba mwanariadha ana kofia ngumu, gari la msaada nyuma na barabara iliyofungwa. Kijana wa Kibumba ana lori la makaa nyuma yake, basi dogo mbele yake, na viazi vya mama fulani ambavyo lazima vifike sokoni kabla jua halijawa kali.

Kupanda ni habari nyingine kabisa. Chukudu tupu husukumwa kwa mikono kilomita zote hizo, au mwenyewe hudandia nyuma ya lori, mkono mmoja ukishika chuma cha lori na mwingine usukani. Wengi wameumia hivyo. Mimi huwa nikiwaona wananing'inia vile moyo unaniruka, na bado sijasikia mtu akiwapa njia nyingine.

Mji unawaheshimu kwa sanamu. Katikati ya Goma kuna mzunguko wa magari wenye sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu yake, na kila mgeni hupiga picha hapo. Ni haki yao. Baada ya lava ya 2002 mji ulijengwa upya kwa mbao, mabati na makoro, na sehemu kubwa ya mizigo hiyo ilipita juu ya magurudumu ya mbao. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipopasuka tena, lava ikakata barabara hii hii na kusimama Buhene, ukingoni mwa mji. Lori zilikwama. Watu walivuka juu ya mawe ya moto uliopoa nusu, na vyombo vya kwanza kupata upenyo vilikuwa vile ambavyo mtu anaweza kuvinyanyua mkononi.

Historia ya baiskeli yenyewe ina sura inayofanana na yetu kwa namna ya ajabu. Tarehe 12 Juni 1817, mjini Mannheim, Mjerumani Karl Drais alipanda chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kisicho na pedali, akajisukuma kwa miguu kilomita kadhaa nje ya mji na kurudi kwa muda wa saa moja hivi. Huyo ndiye babu wa kila baiskeli iliyopo duniani. Pedali zilikuja baadaye sana, Paris, katika miaka ya 1860. Wapo wanahistoria wanaokihusisha chombo cha Drais na mlima wa moto: Tambora, huko Indonesia, ulilipuka Aprili 1815, majivu yake yakalifunika anga, na 1816 Ulaya haikupata kiangazi. Mavuno yakaharibika, shayiri ya farasi ikapanda bei, na usafiri bila farasi ukawa jambo la kutafutwa. Wengine wanalipinga hilo, na ubishi wao una hoja. Lakini mimi nikisimama Kibumba, na Nyiragongo ikifuka moshi kushoto, sioni taabu kuamini kwamba volkeno, njaa na mbao vinaweza kumfikisha mwanadamu kwenye magurudumu mawili. Sisi tulifika huko kwa njia yetu, miaka mia moja na hamsini baadaye, na tumekibakiza kile ambacho Ulaya ilikiweka makumbusho.

Vilima hivi havikomi mpakani. Ng'ambo ya pili, Rwanda imevigeuza kuwa uwanja. Mbio za Tour du Rwanda ziliingia katika kalenda ya shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, mwaka 2009, na mara nyingi hatua yake moja huishia Rubavu, mji ulioshikana na Goma hata nyumba zikatazamana. Safari hiyo ilianza na mbao pia. Mwaka 2006 Mmarekani Tom Ritchey, fundi wa baiskeli za milimani, aliandaa nchini Rwanda mashindano yaliyojumuisha mbio za baiskeli za mbao, na mwenzake Jock Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France mnamo 1981, akabaki kufundisha timu ya taifa. Kutoka kwenye chanzo hicho Adrien Niyonshuti alifika Olimpiki ya London 2012. Na kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mbio za wanaume za siku ya mwisho zilikuwa kilomita 267.5, zenye mipando iliyojumlishwa kupita mita 5,000. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Wengine wote vilima viliwashinda.

Nilifuatilia wiki ile nikiwa na furaha na maumivu kwa pamoja. Furaha, kwa kuwa watoto wa Afrika waliona mabingwa wakihema kwenye mipando inayofanana na ile wanayoipanda wakienda shule. Mweritrea Biniam Girmay alikuwa ameshafungua mlango: mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho. Maumivu, kwa kuwa mwishoni mwa Januari mwaka huo huo wa 2025 Goma ilikuwa imetwaliwa na M23, waasi ambao Umoja wa Mataifa umeeleza mara nyingi kwamba wanasaidiwa na Rwanda. Bunge la Ulaya lilitaka mashindano ya Kigali yafutwe ikiwa Rwanda haitabadili mwenendo wake. Hayakufutwa. Kutoka uwanja wetu wa ndege uliofungwa mtu angeweza kuona vilima vya nchi ile ile ambayo televisheni ziliisifu kwa lami yake safi. Sifa za lami ni za kweli. Wanariadha hawana kosa. Ila Goma nayo ina vilima, ina vijana, ina magurudumu, na siku zile ilikuwa ikihesabu waliokufa na waliopotea.

Barabara yenyewe ya Kibumba imekwisha kunywa damu nyingi. Aprili 2014, Emmanuel de Merode, mkurugenzi wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga, alipigwa risasi akiwa njiani kati ya Goma na Rumangabo, lakini akapona. Aprili 2020 walinzi 12 wa hifadhi waliuawa karibu na Rumangabo. Februari 2021 balozi wa Italia, Luca Attanasio, aliuawa karibu na Kibumba pamoja na mlinzi wake na dereva wa shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Hao ni wale ambao majina yao yalifika magazetini. Mkulima na mwenye chukudu waliouawa njiani hapo hakuna aliyewaandika, na ni wenzao waliorudi kesho yake kwa sababu viazi havisubiri. Mwaka 1994 Kibumba ilipokea wakimbizi kutoka Rwanda kwa wingi uliozidi nguvu za ardhi, na msitu wa pembeni ukakatwa kwa kuni hadi mlima ukabaki uchi. Miaka ya karibuni Kanyaruchinya ilijaa mahema ya waliokimbia maeneo ya Rutshuru na Nyiragongo, hadi kambi zikavunjwa mapema 2025. Mtu anayepita hapo kwa baiskeli na asijue haya, amepita mahali pengine.

Msitu unastahili neno refu zaidi, kwa kuwa bila msitu barabara hii ni mpando tu. Hifadhi ya Virunga iliundwa mwaka 1925, na ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Baada ya Kibumba barabara inapita ukingoni mwake, miti ikifunga kivuli, hewa ikibadilika ghafla, na kuelekea Rugari na Rumangabo mteremko unakuwa wa kuachia breki. Lakini msitu huo huo ndio jiko la Goma. Makaa ya mji, gunia kwa gunia, sehemu kubwa hutoka humo, na yamekuwa fedha ya vikundi vyenye silaha. Chukudu nazo huyabeba. Sitawahukumu wenye chukudu kwa hilo; anayepika maharage kwa saa tatu mjini ndiye anayelipia mkata miti, na mimi ni mmoja wa wanaokula maharage hayo. Suluhisho limeanza na linajulikana: mikaratusi ya kupandwa na wakulima wenyewe kwa ajili ya makaa, kazi iliyoanza mwaka 2007, na umeme wa maji wa hifadhi, ambao mtambo wake wa Matebe, karibu na Rutshuru, ulianza kazi mwishoni mwa 2015 ukiwa na uwezo wa megawati 13 na ushee.

Hapa Ufaransa inatufaa kama mfano. Katikati ya Burgundy kuna vilima vya Morvan, kilele chake cha juu kabisa kina mita 901, yaani chini ya usawa wa maji ya Kivu. Ni nchi ya miti mizito, mabwawa, mashamba ya ng'ombe weupe na barabara nyembamba zinazopanda na kushuka tangu asubuhi hadi jioni. Wapenda baiskeli wa Ulaya huenda huko kwa sababu magari ni machache na kona hazichoshi. Wachache hukumbuka kwamba vilima hivyo vilikuwa jiko la Paris. Kuanzia karne ya 16 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kuni zilikatwa Morvan, zikatupwa kwenye vijito, zikakusanywa mto Yonne, zikafungwa kuwa vyelezo vikubwa huko Clamecy na kuelea hadi mji mkuu. Wanaume walioviendesha walishuka siku nyingi juu ya maji ya baridi, wakarudi makwao kwa miguu. Bwawa la Settons, ambalo leo watu hulizunguka kwa baiskeli wakila aiskrimu, lilijengwa katika miaka ya 1850 ili kupata maji ya kusukuma kuni hizo. Paris ilipopata makaa ya mawe na njia nyingine za kupasha moto nyumba, kazi ile ikafa, msitu ukapumua, na mwaka 1970 Morvan ikatangazwa kuwa hifadhi ya asili ya mkoa.

Ninachokipenda katika habari hiyo ni mpangilio wake. Mji ulipata moto wa aina nyingine kwanza. Burudani ilikuja baadaye. Wanaotaka kuanza na burudani Virunga, waweke njia za watalii huku kila nyumba ya Goma ikipika kwa makaa ya hifadhi, wanajenga kutoka kwenye paa. Umeme wa Matebe ukifika kila jiko la mitaa ya Majengo na Ndosho kwa bei ambayo muuza dagaa anaiweza, ndipo msitu wa Rugari utakuwa na miti ya kumpa kivuli mwendesha baiskeli.

Siyo kwamba Goma ina barabara hiyo moja. Ya kuelekea magharibi inakwenda Sake, kama kilomita 27, ikipita Mugunga na mashamba ya lava, ziwa likichungulia kushoto. Ni tambarare kiasi, inafaa kwa anayeanza, isipokuwa mtu asiketi kupumzika katika mashimo na mabonde madogo ya pembeni, hasa alfajiri. Humo ndimo hukaa mazuku, hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, na huua mbuzi, mbwa na mtu aliyelala. Wenyeji wanajua kila shimo, mgeni aulize. Kutoka Sake barabara moja hufuata ziwa kuelekea Minova, na nyingine huupanda ukuta wa Masisi hadi Mushaki, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Huo wa Mushaki ndio mpando mkali kuliko yote ninayoijua karibu na mji. Juu yake unakuta malisho ya kijani yanayoviringika kilima baada ya kilima, ng'ombe, ua wa miti, na jibini la duara ambalo Goma hulila na mkate. Nchi hiyo ni nzuri mno, na imepiganiwa miaka thelathini. Kwa sasa siwezi kumwambia mtu aende huko kwa matembezi.

Kisiwa cha Idjwi ni rahisi zaidi: unapanda boti, unashuka na baiskeli yako, unakuta barabara ya udongo, mananasi, kahawa na magari machache sana. Na upande wa Rwanda kuna Congo Nile Trail, njia ya kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, inayofuata ziwa kwa vilima visivyokwisha. Wanaoipita husema inachosha sana na hawajutii.

Mpakani, kwenye kivuko kiitwacho Petite Barrière, kuna magurudumu mengine ambayo hayamo katika ramani yoyote ya michezo. Watu wenye ulemavu wa miguu huendesha baiskeli kubwa za magurudumu matatu, zinazozungushwa kwa mikono, zimejaa mizigo hadi dereva haonekani. Kwa miaka mingi wamekuwa wachukuzi wakubwa wa biashara ndogo kati ya Rubavu na Goma, wakipata nafuu ya ushuru, wakiwalipa vijana wa kusukuma nyuma kwenye mpando. Mabega yao yangeshangaza kocha yeyote. Ndani ya mji, bomba likikauka, ni baiskeli na chukudu zinazopandisha maji ya ziwa katika bidoni za njano hadi mitaa ya juu. Mji huu unaendeshwa na nguvu za misuli kuliko wengi wanavyokubali kuandika.

Kwa hiyo yakija mazungumzo ya kufungua njia za baiskeli Kivu Kaskazini, na yatakuja siku bunduki zikinyamaza, maana kila mradi wa amani hupenda kuwa na neno utalii ndani yake, swali la kwanza liwe ni nani anayezitumia tayari. Mteremko wa Kibumba una wenyewe. Wana vyama vyao, wana sheria zao za kupishana, wanajua ni kona ipi inaua na ni saa ngapi ukungu unashuka Kibati. Mgeni mwenye baiskeli ya kaboni akitaka kushuka salama, amfuate mmoja wao kwa malipo ya haki, kama wapandaji wa Nyiragongo walivyokuwa wakiwalipa wapagazi na walinzi. Na vijana wao wanaotaka mbio wapewe baiskeli zenye pedali na mwalimu. Miguu na macho wanayo. Rwanda ilianza na hao hao.

Kabla ya mgeni, hata hivyo, kuna lami. Barabara ikitengenezwa tena, wahandisi waongeze upande wa kushuka utepe wa mita moja na nusu, kutoka Kibumba hadi Munigi, ambao lori halitauingia. Kwenye kona kali waweke sehemu ya changarawe ya kukimbilia pale breki inaposhindwa. Upande wa kupanda waweke kivuli cha miti na bomba la maji kila baada ya kilomita chache, kwa kuwa juu ya lava hakuna kijito, na mtu anayesukuma chukudu tupu kwenda Kibumba saa nne asubuhi hana pa kunywa mpaka afike.